Damu Iliyochukuliwa Kabla ya Ugonjwa: Utafiti wa Maradhi na Mazingira katika Arua na Koboko

Swali la iwapo maradhi fulani yameletwa na kitu kilichomo hewani, majini, chakulani au kazini ni miongoni mwa maswali magumu kuliko yote katika taaluma ya tiba, kwa kuwa mtu aishiye jirani na kiwanda au shamba lenye dawa za kuua wadudu huishi pia na malaria, na moshi wa jikoni, na lishe haba, na umri unaosonga, na kila kimojawapo chaweza kutajwa na mshtakiwa kuwa ndicho kilichomdhuru. Mwezi Januari mwaka 1965 Austin Bradford Hill, mtaalamu wa takwimu za tiba wa Uingereza, alipowahutubia madaktari wa magonjwa ya kazini jijini London, alitaja mambo tisa ya kuzingatiwa kabla ya kukata shauri kwamba jambo moja la mazingira limesababisha ugonjwa. Kati ya hayo tisa, moja halina mbadala, nalo ni mfuatano wa wakati: kisababishi hakina budi kuwapo kabla ya ugonjwa, na anayedai kuwa kilikuwapo hana budi kuonyesha kwamba kilipimwa wakati mgonjwa alipokuwa bado mzima.

Sharti hilo ni rahisi kulitamka na gumu mno kulitimiza, maana hakuna ajuaye ni mtoto yupi kijijini atakayeugua miaka miwili ijayo. Ili kuipata damu ya yule mmoja kabla hajaugua, inalazimu kuchukua damu ya maelfu ya wenzake watakaobaki wazima. Kazi ya namna hiyo ilifanyika katika Wilaya ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, katika muongo wa 1970, ikihusu saratani ya watoto wala si moshi wa viwanda. Hata hivyo, kwa yeyote anayetaka kuchunguza madhara ya uchafuzi kwa afya ya wananchi wa Arua, Koboko au penginepo Afrika Mashariki, hakuna historia iliyo karibu naye zaidi kuliko hiyo.

West Nile, yaani nchi iliyo magharibi ya Mto Nile, ilikuwa wakati huo wilaya moja iliyoenea kutoka bonde lenye joto kali kandokando ya mto hadi nyanda za juu zinazopakana na Kongo, na makao yake makuu yakiwa Arua, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kaskazini yake iko Koboko, nchi ya Wakakwa, pembeni kabisa mahali ambapo mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini ya leo hukutana. Tofauti ya joto kati ya bonde na nyanda ilikuja kuwa na maana kubwa katika utafiti, kama itakavyoonekana.

Jina la wilaya hiyo lilikuwa limekwisha kuingia katika vitabu vya tiba tangu mapema zaidi. Mwaka 1937 wanasayansi wa Taasisi ya Utafiti wa Homa ya Manjano ya Entebbe, waliokuwa wakisaka virusi vya homa hiyo, walichukua damu ya mwanamke mmoja mwenye homa huko Omogo wakakuta ndani yake virusi ambavyo havikuwa vikijulikana popote. Matokeo yalichapishwa mwaka 1940, na virusi vikapewa jina la wilaya, jina ambalo leo hutajwa Marekani na Ulaya kila majira ya mbu bila ya wengi kujua kwamba linatoka katika mahali halisi penye watu. Ndivyo sayansi ilivyoitendea West Nile mara ya kwanza: ilichukua sampuli moja, ikaondoka.

Mara ya pili mambo yalikwenda tofauti, na sababu kubwa ya tofauti hiyo ni Hospitali ya Kuluva. Hospitali hii, iliyo takriban kilomita 11 kusini ya Arua katika eneo la Vurra, ilianzishwa katika muongo wa 1940 na daktari mmisionari wa Africa Inland Mission, Ted Williams, ambaye baadaye aliungana na ndugu yake Peter. Ted Williams alikuwa na tabia ambayo madaktari wengi wa vijijini, kwa wingi wa wagonjwa na uchache wa mikono, hawakuweza kuwa nayo: aliandika. Kwa kila mtoto aliyeletwa na uvimbe, aliweka kumbukumbu ya mahali alipoishi na ya wakati ugonjwa ulipoanza, wala si siku ya kufika hospitali pekee. Pasipo hayo mawili, mahali na wakati, rekodi ya hospitali ni hesabu ya waliofika tu, nayo haiwezi kueleza chochote kuhusu yaliyomo katika mazingira walikotoka.

Uvimbe wenyewe ulikuwa umepata umaarufu kwingine. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Enniskillen huko Ireland ya Kaskazini aliyefika Uganda mwaka 1946, amtazame mtoto wa kiume aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Majuma machache baadaye Burkitt alimwona mtoto mwingine huko Jinja mwenye uvimbe kama huo usoni na tumboni pia, akatambua kwamba alilokuwa akilitazama ni ugonjwa mmoja unaotokea mahali pengi mwilini, wala si magonjwa mbalimbali. Makala yake ya mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya za watoto wa Kiafrika haikusomwa na wengi. Wanapatholojia, yaani wataalamu wanaochunguza vipande vya mwili kwa hadubini, ndio waliothibitisha baadaye kuwa hiyo ni limfoma, saratani ya chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kuulinda mwili, na duniani kote ikaja kuitwa limfoma ya Burkitt.

Burkitt hakuwa na maabara, wala ruzuku iliyostahili kuitwa ruzuku. Alianza na paundi 25 za serikali, alizozitumia kwa picha na barua za kuziuliza hospitali za Afrika kama zimewahi kuuona ugonjwa huo. Majibu yalipochorwa kwenye ramani, ukanda ukajitokeza katikati ya bara. Mwishoni mwa mwaka 1961 alinunua kwa paundi 250 gari la Ford lililokwisha kutumika, akaondoka pamoja na Ted Williams wa Kuluva na daktari mwenzao Cliff Nelson, wakasafiri kwa wiki 10 na maili 10,000, takriban kilomita 16,000, wakipita hospitali zaidi ya 50 kutoka Uganda hadi Afrika Kusini na kuuliza swali lile lile kila walipofika. Walichogundua ni kwamba ugonjwa una mpaka, na kwamba mpaka huo hupanda na kushuka kwa mwinuko wa ardhi: karibu na Ikweta ulikoma kwenye kimo cha takriban mita 1,500, na kadiri walivyoelekea kusini, penye baridi zaidi, ndivyo ulivyokoma chini zaidi. Alexander Haddow, wa taasisi ile ile ya Entebbe, alitambua kwamba mpaka wa kimo kwa hakika ni mpaka wa joto. Nyanda za Rwanda na Burundi hazikuwa na ugonjwa; mabonde yenye joto na mvua yalikuwa nao.

Ramani hiyo inastahili kuzingatiwa na kila mchunguzi wa uchafuzi, maana ni ushahidi uliopatikana kwa swali rahisi lililorudiwa mara nyingi, nao ulitosha kuonyesha kwamba kisababishi kimo katika mazingira wala hakimo katika kabila au damu ya kurithi. Haukutosha, hata hivyo, kusema ni kipi. Joto na mvua huleta mbu, na mbu huleta malaria, na huenda huleta virusi. Joto na mvua huotesha pia kuvu katika karanga na mahindi, kuvu ambalo hutoa sumukuvu, sumu inayodhuru ini. Joto hilo hilo huotesha mnyaa, mti wa utomvu mweupe unaopandwa kuwa uzio, ambao watafiti wa baadaye waliutilia shaka kwa kuwa utomvu wake huweza kuviamsha virusi vilivyolala ndani ya chembe. Gilbert Dalldorf wa Marekani alielekeza kidole kwa malaria mapema katika muongo wa 1960. Jijini London, Anthony Epstein, aliyekuwa amehudhuria mhadhara wa Burkitt mwezi Machi mwaka 1961, alikuwa akipokea vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kwamba wameona kwa hadubini ya elektroni virusi vipya ndani ya chembe zilizokuzwa kutokana na uvimbe huo.

Virusi vya Epstein-Barr, kama vilivyokuja kuitwa, vilileta utata kabla ya kuleta jibu. Ilibainika kwamba vimeenea duniani kote, na kwamba katika nchi kama West Nile karibu kila mtoto huambukizwa akiwa mdogo sana. Watoto wenye limfoma walikuwa na wingi wa kingamwili, yaani protini ambazo mwili huzitengeneza kupambana na kilichouvamia, lakini wingi huo ungeweza kuelezwa kwa njia mbili zinazopingana: ama virusi vingi vilitangulia vikaleta saratani, ama saratani ilitangulia ikaudhoofisha mwili, na virusi vilivyokuwa vimelala vikaongezeka. Damu ya mtoto aliyekwisha kuugua haiwezi kuamua kati ya maelezo hayo mawili. Mkwamo huu ni ule ule unaowakabili wanaodai fidia kwa sumu ya kiwanda, na ndio ulioifanya West Nile ihitajiwe.

Kwa nini West Nile? Ugonjwa ulikuwa mwingi, lakini ulikuwa mwingi penginepo pia. Kilichokuwapo West Nile na kisichokuwapo kwingine ni rejista ya Williams. Mwaka 1967 yeye, mtakwimu Malcolm Pike na mwanapatholojia Dennis Wright walichapisha uchambuzi wa wagonjwa wa wilaya hiyo wa miaka 1961 hadi 1965, wakaonyesha kwamba walioishi karibu karibu waliugua pia katika nyakati zinazokaribiana kuliko ambavyo ingetarajiwa kwa bahati tu. Mkusanyiko wa wagonjwa mahali pamoja na wakati mmoja huweza kuitwa kishada, na vishada ni dalili ya kisababishi kinachopita kwa mawimbi. Uchambuzi wa pili, uliochapishwa mwaka 1978 na kuhusu miaka 15 kuanzia 1961 hadi 1975, ulionyesha kwamba vishada havikuwa vya kudumu. Walioyatumia matokeo ya 1967 kana kwamba yamemaliza mjadala walikosea. Williams mwenyewe aliendelea kuhesabu, na kuhesabu huko ndiko kulikorekebisha picha.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoundwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1965 na kuwekwa Lyon, Ufaransa, liliandaa utafiti wa kutazama mbele, yaani utafiti unaowaandikisha watu wakiwa wazima na kuwafuatilia. Kiongozi wake alikuwa Guy de-Thé, na miongoni mwa wenzake walikuwamo Anton Geser na mtakwimu Nicholas Day. Kuanzia Februari 1972 hadi Septemba 1974 vikundi vya wafanyakazi walipita kijiji baada ya kijiji, wakiwaandikisha watoto wa umri usiozidi miaka 8 na kuwatoa damu, mpaka wakafikia watoto wapatao 42,000. Damu ilitenganishwa, na seramu, yaani umajimaji unaobaki damu inapoganda, ikahifadhiwa katika baridi kali ili isiharibike kwa miaka. Kisha ikaanza kazi ya kungoja na kuwatafuta wagonjwa, kwa kuwa hakuna chombo cha maabara kingeweza kusema ni chupa ipi kati ya hizo makumi ya elfu iliyokuwa na jibu.

Inafaa kukumbuka miaka hiyo ilikuwa ipi. Idi Amin, ambaye ukoo wake unahusishwa na Wakakwa wa Koboko, alikuwa ametwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971; mwezi Agosti 1972, miezi sita tu baada ya kazi ya kutoa damu kuanza, alitangaza kuwafukuza Waasia, na wataalamu wengi wa kigeni wakaondoka. Huko Kampala, John Ziegler, aliyeongoza kituo cha tiba ya limfoma kilichofunguliwa mwaka 1967 na kuwa chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda, alirudi kwao, na uongozi ukashikwa na Charles Olweny, daktari Mganda. Kwamba katika hali hiyo mama wa Terego, Aringa au Maracha, sehemu za wilaya hiyo, alikubali kumshika mwanawe mzima akatolewa damu kwa ajili ya ugonjwa ambao pengine hangeuona maishani mwake, ni mchango ambao historia ya tiba huutaja kwa tarakimu tu, nao unastahili heshima kubwa kuliko hiyo.

Mwaka 1978 jarida la Nature lilichapisha matokeo. Miongoni mwa watoto 42,000 walikuwa wamepatikana 14 waliougua limfoma baada ya kutolewa damu, na seramu zao, zilizochukuliwa kati ya miezi 7 na 54 kabla ya uvimbe kutokea, zililinganishwa na za watoto wa umri wao wa maeneo yale yale waliobaki wazima. Waliougua walikuwa na kingamwili nyingi za virusi vya Epstein-Barr tangu wakiwa wazima. Watoto ambao kiwango chao kilizidi cha kawaida kwa hatua mbili au zaidi za kuzimua seramu, na kila hatua ni kuipunguza nguvu kwa nusu, walikabiliwa na hatari ya kuugua takriban mara 30 ya ile ya wenzao. Mfuatano wa wakati alioudai Bradford Hill ulikuwa umethibitishwa.

Upande wa malaria ulipelekwa Tanzania. Katika nyanda za chini za kaskazini ya Mkoa wa Mara, Geser akishirikiana na George Brubaker wa Hospitali ya Shirati, watoto walipewa vidonge vya klorokwini kuanzia mwaka 1977 hadi 1982 ili ionekane kama kupungua kwa malaria kungepunguza limfoma. Ilipungua kweli, lakini ilikuwa imekwisha kuanza kupungua kabla ya vidonge, kwa hiyo watafiti hawakuweza kudai ushindi, wala hawakudai. Uaminifu wa namna hiyo ni wa thamani kuliko matokeo mengi yaliyotangazwa kwa kishindo.

Katika West Nile kazi ilikatizwa na vita. Majeshi ya Tanzania, yaliyomng'oa Amin, yalifika mpaka wa Sudan tarehe 3 Juni 1979. Mwezi Oktoba 1980 mapigano yalizuka upya katika Koboko na Arua, kisasi cha jeshi jipya kikawaangukia raia, na watu kwa mamia ya maelfu wakakimbilia Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci, nje kidogo ya Arua, waliuawa. Wilaya iliyokuwa na orodha ya watoto wake kijiji kwa kijiji ikawa haina hata watu wa kuhesabiwa. Takriban miaka 30 ilipita kabla ya Kuluva kuingia tena katika utafiti mkubwa, pale Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, kupitia mradi ulioongozwa na Sam Mbulaiteye, Mganda, ilipoandikisha wagonjwa na watoto wa kulinganishwa nao Uganda, Kenya na Tanzania kuanzia mwaka 2010, Kuluva ikiwa miongoni mwa vituo pamoja na Hospitali ya Lacor ya Gulu.

Wakati sayansi ikitazama virusi, tasnia nyingine ilikuwa imeshika ardhi na mapafu ya watu wa wilaya hiyo bila ya kuhesabiwa kwa umakini kama huo. Tumbaku ililimwa Arua, Maracha na Koboko kwa miongo mingi kuwa zao kuu la fedha, mkulima akikopeshwa mbegu, mbolea na dawa, kisha akikausha majani katika banda kwa moto wa kuni. Madhara yanayoweza kumpata yanafahamika. Nikotini ya majani mabichi, hasa yaliyolowa umande au mvua, hupenya ngozi na kuleta kizunguzungu, kutapika na udhaifu, ugonjwa wa tumbaku mbichi ambao madaktari wa Florida, Marekani, waliueleza mwaka 1970. Moshi wa kuni hubeba chembe zilizo ndogo kuliko maikromita 2.5, zinazofika ndani kabisa ya mapafu, ambazo tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani limeshauri wastani wake wa mwaka usizidi maikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo wa hewa; na dawa za kuua wadudu huvutwa na mpulizaji asiye na kinga pamoja na watoto wanaomsaidia. Uganda ilipitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2015, lakini shabaha yake kuu ni kumlinda mvutaji na walio karibu naye, na mkaushaji wa Koboko hakuwa kiini cha mjadala. Mji wa Arua nao uliishi miaka mingi kwa umeme wa jenereta ya mafuta mazito, kabla ya umeme wa maji wa Nyagak mwaka 2012 na wa gridi ya taifa baadaye.

Gharama ya kukosa kipimo cha awali ilionekana wazi Mombasa. Katika kijiji cha Owino Uhuru kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu kilieneza madini ya risasi, metali inayodhuru ubongo wa mtoto, mpaka Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, alipogundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na sumu hiyo mwilini. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwezi Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, hukumu ikatenguliwa kwa sehemu katika rufani, na ni mwezi Desemba 2024 tu ndipo Mahakama ya Juu ilipoirejesha. Risasi angalau hupimika katika damu kwa jina lake. Moshi na dawa nyingi za shambani haziachi alama iliyo wazi namna hiyo, na miaka kumi baadaye mgonjwa hubaki na kikohozi, na mshtakiwa hubaki na shaka ya kujitetea.

Arua ilipata hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, Koboko ni wilaya kamili tangu mwaka 2005, na umeme wa gridi utavuta viwanda ambavyo havikuwapo. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 inadai tathmini ya athari kabla ya mradi mkubwa kuanza, lakini tathmini inayopima maji na udongo bila ya kupima watu haitamsaidia mtoto atakayeugua. Chuo Kikuu cha Muni kipo Arua, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ipo, na Kuluva ipo. Viongozi wa taasisi hizo tatu wanaombwa waanze sasa kuandika, kwa kila mgonjwa wa mapafu, wa ini na wa saratani, kijiji anachoishi, kazi anayoifanya na mwezi alioanza kuugua, na kuweka akiba ya damu ya watoto walio wazima kabla mabomba ya moshi hayajasimama.